Njaa Isiyolia Katika Nchi ya Maziwa

Njaa ya tumbo ina kelele. Mtoto aliyelala bila kula hulia, na kilio chake huwaamsha majirani, humfedhehesha baba, na hatimaye humfikia chifu. Lakini iko njaa nyingine isiyokuwa na sauti. Mtoto mwenye njaa hiyo hunyonya akashiba, hucheka, mashavu yake yakajaa, na wageni humsifu mama kwa malezi mema. Kumbe ndani ya mwili wake mna upungufu usioonekana kwa macho wala kupimwa kwa mizani ya zahanati. Wataalamu wameuita njaa iliyojificha. Nimeamua kuizungumzia leo kwa sababu naamini haikutupita sisi wa Chebunyo, na kwa sababu dawa yake iliyo kubwa, kwa mtoto mchanga, haimo katika chupa wala kidonge. Imo katika sahani ya mama yake.

Msomaji wa mbali akisikia majina ya Kericho na Bomet, mara moja huwaza mashamba ya chai yaliyotandazwa kama zulia la kijani. Chebunyo si hivyo. Sisi tuko Chepalungu, upande wa chini wa Kaunti ya Bomet, tukielekea mpaka wa Narok, mahali ambapo joto ni kali na mvua ni haba kuliko kule Konoin na Kericho kwenyewe. Chai tunainywa, wenye kuichuma ni wenzetu wa nyanda za juu. Huku sisi ni watu wa ng'ombe na mahindi. Alfajiri, kabla kengele ya shule haijalia, mitungi ya maziwa huwa imekwisha kupakiwa kwenye pikipiki ikashika njia ya sokoni. Basi mtu ana haki ya kuuliza: yawezekanaje mtoto aliyezaliwa penye maziwa akakosa kitu kilichomo ndani ya maziwa hayo hayo?

Kwanza tuelezane kitu chenyewe. Mwaka 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis, wanasayansi wa Marekani, waligundua kwamba ndani ya mafuta ya siagi na kiini cha yai mna kitu fulani ambacho panya wakikikosa huacha kukua. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A. Leo twajua kazi zake. Humwezesha binadamu kuona katika mwanga hafifu. Hulinda ngozi laini inayofunika jicho, koo, mapafu na matumbo, yaani milango yote ambayo maradhi hupitia. Huupa mwili nguvu ya kupambana na wadudu wa magonjwa. Vitamini hii hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile iliyo tayari, iliyomo katika maziwa yenye mafuta yake, kiini cha yai na ini. Ya pili ni karotini, rangi iliyomo katika mboga za majani mabichi yaliyokoza, maboga, karoti, maembe na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kile kinachozidi huwekwa akiba katika ini, kama mahindi ghalani.

Sasa mtazame mtoto mchanga. Huyu huja duniani ghala lake likiwa karibu tupu, hata kama mama yake alikula vizuri, kwa kuwa maumbile hayapitishi vitamini A nyingi kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Maumbile yameiweka zawadi hiyo katika ziwa la mama. Wataalamu hukadiria kwamba katika miezi 6 ya kunyonyesha, mama mwenye afya njema humpa mtoto wake vitamini A mara 60 hivi ya ile aliyompa katika miezi 9 ya mimba. Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya manjano, ndiyo yaliyo na utajiri mkubwa kupita yote, na manjano yake ni karotini yenyewe. Anayeyakamua akayamwaga kwa kuyadhania kuwa machafu humwaga akiba ya kwanza ya mwanawe.

Lakini ziwa si kisima kisichokauka. Mama ambaye ghala lake mwenyewe ni tupu hutoa maziwa ya kutosha kumshibisha mtoto, ila vitamini A iliyomo ndani yake hupungua. Hapo ndipo hila ya njaa hii ilipo. Kiasi cha maziwa hakipungui, uzito wa mtoto huongezeka, na kadi ya kliniki huonyesha mstari unaopanda vizuri. Mtu mzima akikosa vitamini A husema, "Jioni sioni vizuri." Mtoto wa miezi 3 atasema nini? Hatembei ajikwae gizani. Hasomi ashindwe kuona ubao. Dalili za jicho lenyewe, yaani ukavu, madoa yanayofanana na povu na hatimaye kioo cha jicho kulainika na kutoboka, huja mwisho kabisa, na watoto wengi wenye upungufu hawafiki huko. Wao huangukia njiani. Huja kuhara au surua, maradhi ambayo mwenye akiba angeyashinda, yakamchukua asiyekuwa nayo. Katika daftari huandikwa kuhara, huandikwa surua. Jina la vitamini haliandikwi.

Aliyeifumbua siri hii kwa ulimwengu ni daktari wa macho wa Marekani, Alfred Sommer, aliyekuwa akichunguza upofu wa watoto nchini Indonesia katika miaka ya 1970. Alipoyatazama tena madaftari yake aliona jambo ambalo hakulitafuta: watoto wenye dalili ndogo tu za jicho, wale wa kutoona vizuri usiku na wenye madoa, walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara 4 hivi kuliko wenzao wasio na dalili. Aliyatangaza hayo mwaka 1983. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 450 vya Aceh: pale watoto walipopewa vitamini A, vifo vilipungua kwa thuluthi moja. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote. Moja kubwa kabisa, la India, lililohusu watoto milioni 1 na kutangazwa mwaka 2013, lilipata faida ndogo mno. Hata hivyo, tathmini iliyoyajumlisha majaribio mengi mwaka 2017 ilionyesha kwamba vitamini A hupunguza vifo vya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa asilimia 12. Kwa mzazi, asilimia 12 si tarakimu ya kupuuzwa.

Kenya nayo haikulala. Mtoto akitimiza miezi 6 hupewa kliniki vitamini A ya yuniti 100,000, na kuanzia mwaka 1 hadi karibu na miaka 5 hupewa yuniti 200,000 kila baada ya miezi 6. Wiki za Malezi Bora zilianzishwa mwaka 2007, ziwe mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, ili matone hayo yamfikie hata mtoto asiyeletwa kliniki. Mwaka 2012 sheria ilirekebishwa ili unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti, pamoja na mafuta ya kupikia, viongezewe virutubishi. Ni juhudi za kusifiwa. Ila tuzitazame vizuri tuone zinaishia wapi.

Uchunguzi wa kitaifa wa virutubishi uliofanywa mwaka 2011 ulipima damu za watoto wa umri usiofika wa kwenda shule. Takriban 9 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa vitamini A, na zaidi ya nusu ya wote walikuwa ukingoni, hawajaanguka lakini wamekaribia. Sasa msomaji, zingatia neno moja: watoto waliopimwa walikuwa wa kuanzia miezi 6. Aliye na miezi 2 au 4 hakuwamo katika hesabu. Matone ya kliniki nayo huanza katika miezi 6. Kwa hiyo mtoto aliye mdogo kuliko wote, mwenye ghala tupu kuliko wote, hahesabiwi wala hapewi.

Je, kwa nini asipewe? Si kwamba wakubwa wamemsahau. Lilijaribiwa. Watoto wapatao 100,000 wa Ghana, India na Tanzania waligawanywa katika mafungu mawili, wengine wakapewa vitamini A mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wasipewe. Kwa upande wa Tanzania peke yake walikuwa kiasi cha 32,000. Matokeo yalipotangazwa mwishoni mwa mwaka 2014, yale ya Ghana na Tanzania hayakuonyesha kwamba vifo vilipungua, na ya India hayakutoa ushahidi wa kutegemewa. Hata kabla ya hapo, mwaka 2011, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuelekeza kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe vitamini A kama utaratibu wa umma, na kwamba desturi ya kumpa mama kipimo kikubwa mara baada ya kujifungua iachwe, kwa kuwa haikuonekana kuwasaidia mama wala mtoto. Nchi zinazoendelea zilikuwa na matumaini makubwa kwamba kidonge kimoja kingemaliza kazi. Kwa mtoto mchanga, hakikuimaliza.

Kutokana na hayo nathubutu kusema jambo moja bila kumung'unya maneno. Mtoto wa chini ya miezi 6 hana mlango mwingine wa kumfikia isipokuwa mama yake. Ukitaka kumlisha yeye, mlishe mama. Na mama wa Chebunyo halishwi na Shirika la Afya Duniani wala na wizara ya Nairobi. Hulishwa na nyumba yake, na nyumba hiyo huendeshwa kwa hesabu ya kila siku ya nini kiuzwe na nini kibaki.

Hesabu hiyo mimi naiona kila asubuhi. Maziwa huuzwa kwa kuwa maziwa ndiyo karo, ndiyo sare ya shule, ndiyo sukari na dawa ya ng'ombe mwenyewe. Mayai huuzwa. Kuku huwekewa mgeni. Maparachichi na maembe, kwa aliye nayo, hupakiwa kwenye magunia. Kinachobaki jikoni ni kimyet, ugali wetu wa mahindi meupe, ambayo hayana karotini kabisa. Unga wenyewe hausagwi na kampuni kubwa inayobanwa na sheria ya 2012. Husagwa katika mashine ya mtaani, mahindi yakitoka ghalani mwetu, na hakuna anayeuongezea kitu. Mafuta ya kupikia yaliyoongezewa vitamini A hutufikia, lakini mengi hununuliwa kwa kupimiwa kidogo kidogo, nayo vitamini A huharibika inapokaa ikipigwa na mwanga. Mboga zipo mvua inyeshapo. Ifikapo Januari na Februari majani hukauka, nyasi zikageuka rangi ya majivu, na maziwa ya ng'ombe mwenyewe hupungua kwa wingi na kwa vitamini, kwa maana naye huitoa karotini katika majani mabichi. Mama aliyejifungua mwezi wa Januari hunyonyesha kwa ugali, kabeji na chai ya strungi. Maziwa yamekwenda sokoni.

Asidhani mtu kwamba jambo hili limezuka kwetu kwa sababu sisi ni maskini au wajinga. Denmark ni nchi tajiri leo, na tangu zamani imesifika kwa siagi. Kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakulima wake waliiuza siagi hiyo ng'ambo kwa bei nzuri, na watoto wa mashambani wakapewa maziwa yaliyoondolewa mafuta pamoja na siagi ya bandia. Daktari Carl Bloch wa Copenhagen akaanza kupokea watoto wenye macho makavu, wengine wakiwa wamekwisha kupofuka. Mwishoni mwa mwaka 1917, vita vikiwa vimebana biashara ya baharini, serikali ilianza kuigawa siagi kwa kipimo ili kila raia apate fungu lake. Mwaka 1918 ugonjwa ule wa macho ukakaribia kutoweka. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Kilichotokea ni kwamba siagi ilibaki nyumbani.

Kisa hicho cha Denmark nimekifikiria mara nyingi nikiwatazama wana-Chebunyo wakipanga foleni na mitungi yao. Najua kuna atakayenijibu kwa ukali: "Mwalimu, wewe una mshahara. Mimi nikiacha kuuza maziwa, mtoto mkubwa atafukuzwa shule kwa sababu ya karo, na kosa litakuwa lako." Jibu hilo lina haki yake, wala sitalipuuza. Simwambii mtu aache kuuza. Ninachoomba ni kipimo. Ng'ombe akitoa lita 6 kwa siku, kikombe kimoja cha robo lita ni sehemu 1 ya 24. Sehemu hiyo moja ibaki kwa mama anayenyonyesha, inywewe na yeye mwenyewe, isiwe ya kutia rangi chai ya watu wote. Nyumba haitaanguka kwa kikombe kimoja. Na ifahamike kwamba kikombe hicho peke yake hakitoshi kwa mahitaji ya siku ya mama. Ni mwanzo tu. Sehemu kubwa iliyobaki yapaswa kutoka shambani.

Hapo ndipo ninapowakumbuka akina kogo, kama Wakipsigis tuwaitavyo bibi zetu. Hawakusikia habari za karotini, lakini walichuma isagek, ambayo Waswahili huiita mgagani, na mnavu, wakaipika kisha wakaichanganya na maziwa au mafuta ya maziwa, ikalala chunguni hadi kesho. Sayansi ya leo imewapa haki. Karotini huyeyuka katika mafuta, na mboga iliyochemshwa kwa maji matupu huupa mwili sehemu ndogo tu ya kile kilichomo. Kijiko cha mafuta ndicho ufunguo wa mlango. Walikuwa na elimu, nasi tuliowafuata tukaiacha kwa kudhani kwamba mboga za kienyeji ni chakula cha wasio na pesa.

Zaidi ya mboga kuna viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani. Kiazi kimoja cha wastani kilichochemshwa kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilitolewa kwa watu wanne waliotumia maisha yao kuongeza virutubishi katika mazao, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivyo, na mmoja ni Mwafrika Mashariki mwenzetu, Robert Mwanga wa Uganda. Hapa Kenya, katika miaka ya mwanzo ya 2010, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na washirika wake walifanya jambo la busara huko Busia na Bungoma. Mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati, akaenda nayo kwa mkulima wa jirani akapewa mbegu za viazi hivyo, na akafundishwa jinsi ya kuvitumia. Kliniki na shamba vikaunganishwa. Akina mama walioshiriki walionekana kula vitamini A zaidi. Viazi vitamu huvumilia ukame kuliko mahindi. Sioni sababu ya jambo hilo kutofanywa Chebunyo.

Kabla sijaendelea, natoa tahadhari mbili, kwa maana elimu nusu ni hatari. Ya kwanza: mtu asije akayasoma haya akaanza kumpa mtoto wa miezi 3 maziwa ya ng'ombe au maji ya mboga. Mtoto wa chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama pekee. Mengine humletea kuhara, nako kuhara humpokonya hata ile vitamini chache aliyonayo. Ni baada ya miezi 6 ndipo aanze uji mzito, na uji huo usiwe wa unga mweupe mtupu. Uchanganywe na kiazi kilichopondwa, boga, kiini cha yai au mboga iliyosagwa laini, huku akiendelea kunyonya. Ya pili: mama mjamzito asijinunulie vidonge vikali vya vitamini A dukani, wala asile ini kupita kiasi. Vitamini A iliyo tayari ikizidi katika mimba inaweza kumlemaza mtoto. Karotini ya mboga na viazi haina hatari hiyo.

Nani basi atakayeifikisha habari hii nyumbani? Wahudumu wa afya wa jamii wapo, na mwaka 2023 serikali iliwapa zaidi ya 100,000 wao vifaa vya kazi kote nchini. Wanapomtembelea mama aliyejifungua, wasiishie kumuuliza kama mtoto ananyonya. Wamuulize na yeye amekula nini. Vyama vya ushirika vya maziwa vyaweza, katika mikutano yao ya mwaka, kuwahimiza wanachama juu ya kikombe cha mama, kama wanavyowahimiza juu ya usafi wa mitungi. Kaunti ya Bomet yaweza kuziandaa mbegu za viazi na kuzigawa kupitia kliniki. Na akina baba wanaoshika pesa za maziwa wafahamu kwamba kikombe wanachokiacha nyumbani hakikupotea. Kimekwenda kwa mwana wao.

Lakini tumaini langu kubwa ni nyinyi, walimu na wanafunzi. Msiseme kwamba mazoea hayabadiliki. Mwaka 2003 ni watoto 13 tu kati ya 100 wa chini ya miezi 6 waliokuwa wakinyonyeshwa bila kupewa kitu kingine nchini Kenya. Mwaka 2014 walikuwa 61, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 60. Badiliko hilo la miaka 11 halikuletwa na kidonge. Lililetwa na maneno yaliyosemwa na kurudiwa, kliniki, kanisani, barazani na shuleni. Tumekwisha kumfundisha mama kumpa mtoto ziwa. Limebaki la pili: kulijaza ziwa hilo.

Mwalimu wa sayansi au wa kilimo hahitaji maabara kulifundisha somo hili. Awaambie wanafunzi waandike, bila kutaja jina la mtu, vyakula vilivyopikwa nyumbani kwa siku 3, kisha wavipange kwa rangi: vyeupe, vya kijani kilichokoza, vya rangi ya chungwa. Wahesabu. Ubao wenyewe utasema. Pale penye klabu ya 4-K, ile ya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, iliyofufuliwa mwaka 2021, pawe na kitalu cha isagek na mnavu na tuta la viazi vya rangi ya chungwa, na kila mwanafunzi aende likizo na mbegu mkononi. Somo la hesabu nalo lichukue lita 6 na kikombe kimoja, litafute asilimia.

Na nyinyi wanafunzi, msidhani kwamba jambo hili ni la kliniki na akina mama peke yao. Msichana wa kidato cha tatu anajenga leo ghala ambalo mwanawe atalitegemea miaka mingi baadaye. Mvulana aliyeketi karibu naye ndiye atakayekuwa na kauli juu ya mtungi wa maziwa. Wengi wenu mna wadogo wanaonyonya nyumbani, na nyinyi ndio mnaotumwa sokoni na kisimani, ndio mnaochuma mboga. Mnaweza kuchuma zaidi. Mnaweza kumwambia baba, kwa adabu anayostahili mzazi, yale mliyoyasoma.

Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ufa huu ni mwembamba mno, na ndiyo sababu twaupita kila siku bila kuuona. Mtoto mwenyewe hatatuambia. Basi kesho alfajiri, kabla mtungi haujafungwa kifuniko, na mtu mmoja katika kila nyumba aulize: cha mama kiko wapi?